Daktari Mbele ya Wenziwe

Hospitali nne zinazobeba sehemu kubwa ya matibabu ya Kisiwa cha Mombasa ziko karibu karibu hivi kwamba tuktuk moja yaweza kuzipitia zote kabla ya adhuhuri. Mombasa Hospital, iliyoanza mwaka 1891, iko upande wa Ngomeni, si mbali na Mji wa Kale. Aga Khan, iliyofunguliwa 1944, na Pandya, ya mwaka 1947, nazo zimo humo humo kisiwani. Upande wa Tononoka kuna Hospitali Kuu ya Pwani, ya serikali, ambayo wenyeji wengi wangali wanaiita Makadara. Daktari bingwa aliyezungukia wodi Makadara asubuhi aweza mchana kuwaona wagonjwa wake wa kulipa kwenye hospitali ya binafsi, na usiku akaitwa kupasua katika hospitali ya tatu. Wenziwe ni wale wale kokote aendako: waliosoma pamoja, waliofundishana, wanaogawana zamu, wanaopelekeana wagonjwa, wanaogombea wagonjwa, na wengine wameoleana. Siku daktari mmoja anapoitwa ili kazi yake ipitiwe na wenzake, kila anayeingia chumbani humo anamjua, na kila mmoja ana kitu cha kupata au kupoteza kwa uamuzi utakaotolewa. Sura hii inadai kwamba katika mji wa namna hii haki ya daktari haiwezi kuachiwa wema wa wale wanaoketi. Lazima ijengwe ndani ya utaratibu wenyewe: nani aketi, aonyeshwe nini kwanza, aulizwe nini, na nani aambiwe kilichopatikana. Tena inadai kwamba haki hiyo si hisani kwa madaktari. Bila yake mgonjwa anayefuata hatakuwa salama, kwa kuwa ukweli wa kilichomuua aliyemtangulia hautajulikana.

Tatizo la kwanza ni kwamba vikao vya aina tatu vinachukuliwa kana kwamba ni kimoja. Kuna kikao cha kujifunza, kinachopitia vifo na madhara ili hospitali irekebishe kazi yake. Mfano ulio wazi zaidi nchini Kenya ni ule wa vifo vya uzazi: mwongozo wa Wizara ya Afya unataka kila kifo cha mama kiarifiwe ndani ya saa 24 na kipitiwe ndani ya siku saba, bila kutaja jina na bila kutupa lawama. Kuna kikao cha ruhusa, hasa katika hospitali za binafsi, ambako daktari bingwa huwa si mwajiriwa bali mtu aliyeruhusiwa kulaza na kutibu wagonjwa wake pale. Wenzake ndio hushauri apewe ruhusa hiyo, ipunguzwe, au aondolewe. Na kuna kikao cha adhabu, kinachoanza kwa barua ya kumtaka mtu ajieleze na chaweza kufika hadi kamati ya nidhamu na maadili ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, chombo ambacho kabla ya sheria kurekebishwa mwaka 2019 kiliitwa Bodi. Cha kwanza hutafuta sababu, cha pili hupima uwezo, cha tatu huamua hatia. Maswali yake ni tofauti, ushahidi wake ni tofauti, na hofu ya anayeulizwa ni tofauti. Ubaya huingia pale mtu anapoitwa kwenye cha kwanza, akasema yote kwa moyo mweupe, kisha maneno yake yakaibuka mezani mwa cha tatu. Hilo likitokea mara moja tu, hospitali nzima itasikia kabla ya zamu kubadilishwa, na tangu siku hiyo kila faili litaandikwa kwa ajili ya mwanasheria.

Kwamba ukweli hutoka pale jina linapoondolewa, Kenya imeshajionea. Uchunguzi wa siri wa kwanza wa kitaifa wa vifo vya akina mama ulipitia vifo 484 vilivyotokea hospitalini mwaka 2014, na wapitiaji, ambao wenyewe ni madaktari na wakunga, walikuta kwamba katika zaidi ya tisa kati ya kila kumi matunzo hayakufikia kiwango kinachotakiwa. Hesabu hiyo ni nzito, na yafaa isomwe polepole. Wataalamu wanaosemwa kila siku kuwa wanafichiana walikiri, kwa maandishi, kwamba karibu kila mama aliyekufa alikuwa na jambo alilokosewa. Walikiri kwa sababu mafaili yaliondolewa majina ya wagonjwa, ya wahudumu na ya hospitali kabla ya kuwafikia, na kwa sababu lililoulizwa lilikuwa ni kitu gani kilikosekana. Uingereza imekuwa ikifanya kazi ya namna hii kwa vifo vya uzazi tangu 1952, na hakuna mwenye akili anayesema kwamba kutotaja majina kuliwafanya wakunga wa huko wawe wazembe.

Hesabu hiyo pia inaonya dhidi ya kosa linalofanyika kwa urahisi Makadara, la kuhukumu mwisho wa safari kana kwamba ndiyo safari yote. Hospitali ile hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka kaunti zote sita za Pwani: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita-Taveta. Chukua mama anayevuja damu baada ya kujifungua katika zahanati ya mbali huko Tana River. Uamuzi wa kumhamisha umechelewa, ambulensi imechelewa, damu haikupatikana njiani, na barabara ni ile ile tunayoijua. Anafika Tononoka saa tisa usiku, anapokewa na daktari mwanagenzi na sista mmoja mwenye wodi nzima mikononi, na anafariki alfajiri. Sahihi ya mwisho katika faili ni ya mwanagenzi. Kikao kikifuata sahihi, kitamkuta mtu aliyekuwa na mgonjwa kwa saa mbili, na kitawaacha wote waliokuwa naye kwa saa kumi. Ongeza kwamba Juni 2013 kujifungua katika hospitali za umma kulifanywa bure, wanawake wakaja kwa wingi, na vitanda na wahudumu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Wapo watakaosema kwamba kuitaja mizigo hii ni kumtafutia daktari udhuru. Sikubali. Ikiwa mwanagenzi alikosea kipimo cha dawa, alikosea, na iandikwe. Lakini hospitali inayoandika hilo tu imeandika nusu ya sababu, na nusu iliyoachwa ndiyo itakayomuua mwingine hata mwanagenzi huyo akiwa ameshahamishwa.

Hata wapitiaji wakiwa waadilifu, akili ya binadamu ina udhaifu ambao uadilifu hauuponyi. Mwaka 1991 jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilichapisha utafiti wa Robert Caplan na wenziwe ambao, kwa maoni yangu, kila mwenyekiti wa kikao cha hospitali angepaswa kuusoma kabla ya kufungua faili. Madaktari wa usingizi 112 walipewa visa 21 vya wagonjwa waliopata madhara wakati wa kulazwa usingizi, waseme kama matunzo yalifaa. Kila kisa kilikuwa na sura mbili zilizofanana neno kwa neno isipokuwa mwisho wake: katika moja mgonjwa alipata madhara ya kupita, katika nyingine madhara ya kudumu. Kila mpitiaji aliona sura moja tu. Kisa kile kile, dawa zile zile, maamuzi yale yale, kilipopewa mwisho wa kudumu, sehemu ya waliosema matunzo yalifaa ilishuka kwa pointi 31 za asilimia. Hawa hawakuwa na chuki na mtu, wala hawakuwajua waliowahukumu. Walishindwa na jambo moja tu, kwamba walishajua yaliyotokea. Anayejua kwamba mgonjwa alikufa huona dalili za kifo kila ukurasa, na hushangaa kwa nini aliyekuwa pale hakuziona, naye aliyekuwa pale alikuwa na dalili hizo hizo zimezungukwa na nyingine mia zisizo na maana.

Dawa ya udhaifu huu haigharimu kitu. Faili likatwe mahali pa uamuzi. Mpitiaji asome hadi pale daktari alipotakiwa kuchagua, aandike angefanya nini yeye na kwa nini, kisha ndipo aonyeshwe kurasa zilizobaki. Asiyejua mwisho hawezi kujifanya alijua. Na wasiwe mmoja: mapitio ya tafiti yaliyofanywa na Goldman mwaka 1992 yalionyesha kwamba wapitiaji wawili wakisoma faili moja, kukubaliana kwao juu ya ubora wa matunzo kunazidi bahati nasibu kwa kiasi kidogo tu. Maoni ya mpitiaji mmoja, awe bingwa wa namna gani, hayatoshi kumvua mtu kazi.

Sasa turudi kwenye udogo wa mji, kwa kuwa hapo ndipo Mombasa inapotofautiana na vitabu vya miongozo. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na hakuna haja ya mwambaji kuwa mwovu. Kesi iliyoonyesha hili kwa uwazi zaidi ilitoka mji mdogo wa bandari ulio mbali sana na hapa, Astoria, katika jimbo la Oregon, wenye watu kama 10,000 na hospitali moja tu. Wengi wa madaktari wa hospitali hiyo walikuwa wabia au waajiriwa wa kliniki moja ya binafsi. Daktari wa upasuaji Timothy Patrick aliwahi kuajiriwa na kliniki hiyo. Alipoalikwa kuwa mbia alikataa, akafungua kazi yake mwenyewe. Tangu hapo madaktari wa kliniki hawakumpelekea karibu mgonjwa yeyote, hata pale kliniki ilipokuwa haina mpasuaji wa kuwahudumia, wakawatuma mbali badala yake. Kisha mwaka 1981 mmoja wa wapasuaji wa kliniki ile akaitaka kamati ya hospitali ipitie ruhusa ya Patrick ya kufanya kazi pale, na kamati ikapendekeza aondolewe. Walioanzisha madai, waliopitia na waliokuwa wakishindana naye sokoni walitoka mlango mmoja. Patrick alijiuzulu kabla ya uamuzi kutoka, akaenda mahakamani. Wazee wa baraza la mahakama walimpa fidia ya dola 650,000 kwa upande wa sheria ya ushindani, ambazo sheria yenyewe inataka zizidishwe mara tatu, na mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuwakinga wapitiaji wake.

Anayesoma kesi hiyo akiwa Mombasa hahitaji kutafsiriwa. Hapa pia daktari anayepitia kazi ya mwenzake asubuhi huenda ndiye atakayerithi wagonjwa wake jioni. Hapa pia aliyekataa kujiunga na kundi fulani anaweza kuona simu za rufaa zinapungua. Na uzito unakwenda upande wa pili vilevile: anayempitia mtu atakayemhitaji kesho amlaze mgonjwa wake usingizi, au aliyemuolea dada, atakuwa mpole kuliko faili linavyostahili. Marekani yenyewe, hata kabla ya uamuzi huo wa 1988, ilijibu kwa sheria ya mwaka 1986 iliyowakinga wapitiaji dhidi ya mashitaka ya fidia iwapo walitenda kwa nia ya kuboresha matibabu, walitafuta ukweli kwa juhudi, na walimpa mhusika ilani na nafasi ya kusikilizwa. Nadhani mpangilio wa sheria hiyo ni wa busara, kwa kuwa kinga imefungwa kwenye utaratibu: asiyefuata utaratibu hana kinga.

Lakini Mombasa ina hoja iliyo ya karibu zaidi kuliko Oregon. Katika madarasa ya Mji wa Kale na ya Lamu hufundishwa elimu ya hadithi, na ndani yake ipo elimu ya kuwapima wapokezi wa maneno ya Mtume, ya kujeruhi na kuadilisha, yaani kutaja dosari zao na kuthibitisha uadilifu wao. Kwa karne nyingi wanazuoni wamejadili hadharani, kwa majina, nani mkweli, nani dhaifu wa kumbukumbu, nani mwongo. Ni kazi ya wenza kuwapima wenza, na ilikuwa na masharti makali. Wengi wao walitaka anayemjeruhi mtu aliyejulikana kwa uadilifu aeleze sababu, kwa kuwa kinachoonekana kosa kwa mmoja huenda si kosa kwa mwingine. Na walikuwa na tahadhari mahususi juu ya maneno ya watu wa rika moja na fani moja wanaposemana: Ibn Abd al-Barr wa Cordoba, aliyefariki 1071, aliliandikia suala hilo mlango mzima, na al-Dhahabi wa Damascus, aliyefariki 1348, alionya kwamba maneno ya wanaolingana yakitoka kwenye uadui, husuda au tofauti ya madhehebu hayachukuliwi. Walijua kwamba mtu mwema, mchamungu, mwenye elimu, aweza kumdhulumu mshindani wake bila yeye mwenyewe kutambua. Vivyo hivyo kadhi hutakiwa asimhukumu aliyepo kabla ya kusikiliza pande zote mbili, na ajiondoe pale penye jamaa yake. Kama tahadhari hizo zilifaa kwa kulinda maneno ya Mtume, zinafaa kwa kulinda maisha ya wagonjwa, na hakuna anayeweza kusema ni desturi ya kuletwa na wafadhili.

Elimu hiyo hiyo hujibu pingamizi linalotajwa sana Pwani, lile la sitara. Kufunika aibu ya mwenzako ni tabia njema inayopendwa, na wapo wanaoona kwamba kuanika kosa la daktari mbele ya wenzake ni kumvunjia heshima yeye na ukoo wake. Lakini sitara ni ya dhambi iliyo baina ya mtu na Mola wake. Ambapo mtu wa tatu anadhurika, wanazuoni waliruhusu, na mara nyingine waliwajibisha, kusema. Ndiyo maana waliowajeruhi wapokezi hawakuhesabiwa kuwa wasengenyaji. Kinachotakiwa ni kusema kwa kiasi cha haja, mahali panapohusika, kwa sababu iliyoelezwa. Daktari anayekunywa pombe nyumbani kwake hapaswi kujadiliwa kikaoni. Anayeingia chumba cha upasuaji akiyumba lazima ajadiliwe, na mapema.

Pingamizi zito zaidi ni la wananchi: kwamba madaktari hulindana, na kila neno la haki kwao ni tofali jingine kwenye ukuta. Halitoki hewani. Hospitali ya Bristol, Uingereza, ndiyo ushahidi unaouma. Stephen Bolsin, daktari wa usingizi aliyeanza kazi pale mwaka 1988, aliona watoto wachanga wanakufa kwa wingi katika upasuaji wa moyo kuliko ilivyotarajiwa, akahesabu, akasema, na kwa miaka mingi hakusikilizwa. Mwishowe alihamia Australia. Tume ya uchunguzi chini ya Ian Kennedy iliripoti mwaka 2001 kwamba kati ya 1991 na 1995 walikufa watoto kati ya 30 na 35 wa chini ya mwaka mmoja zaidi ya wale ambao wangekufa katika kituo cha kawaida. Tume iliieleza Bristol kuwa mahali ambapo madaraka yalikuwa yameshikwa na watu wachache na ambapo kusema wazi kulikuwa kugumu. Hebu tazama sasa: Astoria kundi dogo lilimsukuma nje asiye wake, Bristol kundi dogo lilimfunika aliye wake. Dhuluma hizi mbili zinaonekana kupingana, na chanzo chake ni kimoja. Mfumo unaoweza kumwonea mtu bila kutoa sababu ndio huo huo unaoweza kumsamehe bila kutoa sababu. Anayetaka madaktari waache kulindana asidai vikao vikali zaidi vya watu wale wale. Adai watu wa nje.

Sheria ya Kenya inaunga mkono jambo hili kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haraka, halali na wa haki, pamoja na sababu kwa maandishi pale anapoathirika. Sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kukitekeleza inataka mhusika apewe ilani, aone ushahidi, asikilizwe, na aweze kuwahoji wanaomshuhudia. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa lake mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama kabla ya kumfuta kwa utovu wa nidhamu au kushindwa kazi. Lakini haki hizo zinaanzia pale hatua rasmi inapochukuliwa, na mji mdogo una adhabu zisizo na karatasi: uhamisho wa ghafla, jina kutolewa kwenye orodha ya zamu za kulipwa, wagonjwa kutopelekwa tena. Hizo hazina rufaa kwa kuwa hakuna aliyesema ni adhabu.

Hata hatua rasmi huweza kutangulia ukweli. Mapema mwaka 2018 katika Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, wagonjwa wawili walichanganywa: mmoja alihitaji kupasuliwa kichwa kuondoa damu iliyoganda, mwingine alikuwa na uvimbe usiohitaji kisu, na huyu wa pili ndiye aliyepasuliwa. Habari zilipotoka magazetini, daktari mwanafunzi wa upasuaji alisimamishwa pamoja na wauguzi wawili na daktari wa usingizi, na mkurugenzi mkuu akapelekwa likizo ya lazima. Wenziwe wa daktari huyo waliandamana wakisema kosa lilianzia kwenye utambulisho wa wagonjwa kabla hawajafika chumba cha upasuaji. Sidai kwamba kumsimamisha mtu kwa muda ni dhuluma daima. Zipo hali ambapo kumwacha aendelee ni hatari. Lakini kusimamishwa kwa tahadhari kunapaswa kuwa na sababu iliyoandikwa, muda uliowekwa, na mshahara usiokatwa, vinginevyo umma huchukulia kuwa ni hukumu, na kikao kinachokuja baadaye hujikuta kinatafuta namna ya kuihalalisha.

Na familia je? Hili ndilo pingamizi ninaloliona la haki kuliko yote. Mama amekufa, mumewe amekaa barazani Kibokoni akipokea rambirambi, na hospitali inamwambia kwamba kikao ni cha siri. Kwake siri hiyo haina tofauti na uongo. Jibu ni kutenganisha mambo mawili yanayofungwa pamoja bila sababu. Mazungumzo ya wapitiaji, nani alisema nini alipokuwa akifikiri kwa sauti, yabaki ndani. Matukio na matokeo yatoke: saa ngapi alifika, saa ngapi damu iliagizwa, kitu gani kilikosekana, hospitali imebadilisha nini. Sheria ya Afya ya 2017 inampa kila mtu haki ya kulalamika juu ya alivyohudumiwa na malalamiko yake yachunguzwe. Itakuwa ni haki tupu ikiwa jibu lake ni mstari mmoja kwamba suala limeshughulikiwa. Tena familia isikilizwe kabla, si kuarifiwa baada tu, kwa sababu dada aliyekesha kando ya kitanda mara nyingi anajua saa ambazo faili halizijui. Mlango wa Baraza na wa mahakama ubaki wazi kwake muda wote, na asiambiwe kwamba kikao cha kujifunza kimechukua nafasi yake.

Wakuu wa hospitali watasema wataalamu ni wachache na fedha hazipo. Uchache ndio sababu hasa ya kutoka nje ya kisiwa. Faili lililokatwa majina halihitaji tikiti ya treni ya SGR; laweza kusomwa na mkunga wa Kisumu na bingwa wa Eldoret wakiwa mezani kwao, na Mombasa nayo ikawasomea mafaili yao. Kaunti sita za Pwani hazitoshi kubadilishana zenyewe kwa zenyewe, maana mabingwa wake wengi wanatoka au wanapitia hospitali hizi hizi. Hospitali za binafsi za kisiwani zingeweza kukubaliana sharti moja dogo: asiyetoka nje ya Mombasa asipige kura juu ya ruhusa ya daktari wa Mombasa. Na kwa kuwa kifo kimoja humhusu daktari, sista na afisa wa kliniki, ambao kila mmoja ana baraza lake la kumsimamia, wapitiaji watoke fani zote tatu. Ilivyo sasa daktari huelekezwa mlango huu, muuguzi ule, na hakuna chumba kimoja ambamo usiku mzima wa mgonjwa yule unasimuliwa kuanzia mwanzo.

Anayedhurika zaidi na mpangilio mbovu ni aliye chini, na Uingereza imelipia funzo hilo. Hadiza Bawa-Garba alikuwa daktari mwanafunzi wa watoto huko Leicester, aliyetoka likizo ya uzazi, akifanya kazi ya wenzake wasiokuwepo siku ambayo kompyuta za hospitali zilikwama, mwaka 2011, na mtoto wa miaka sita, Jack Adcock, akafariki. Alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia mwaka 2015, akafutwa kwenye rejista Januari 2018, na Mahakama ya Rufaa ikamrudisha Agosti mwaka huo huo. Makosa aliyafanya, na wazazi wa Jack wana haki yote ya uchungu wao. Lakini baada ya kesi ile madaktari wengi wa huko waliingiwa na hofu ya kuandika makosa yao popote. Makadara ni hospitali ya mafunzo. Wanagenzi wanaofika pale wana mwaka mmoja wa kujifunza kusema, mbele ya wakubwa wao, kwamba walichelewa kuita msaada. Watasema au watanyamaza kutegemea anayekalia kiti cha mwenyekiti. Basi anayempangia mwanagenzi zamu ya saa 36 bila bingwa wa kumpigia simu asikalie kiti hicho siku zamu ile inapopitiwa. Aitwe kama shahidi, aulizwe kuhusu orodha ya zamu, na majibu yake yaandikwe katika karatasi ile ile.